Achari, Nyama ya Moto wa Taratibu na Vitafunio vya Idi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, simu za jikoni huanza. Achari imetoa povu, vileja vinameguka mkononi, nyama ya mbuzi iko motoni toka alasiri na bado haitafuniki. Hapa nimeweka pamoja maswali yanayorudi kila msimu, na majibu yenye vipimo. Mengi yana chimbuko moja: achari, nyama ngumu na vitafunio vya sinia haviendi kwa pupa, na kila kimoja kina siku yake ya kuanza. Anayeanza vyote mkesha wa Idi ndiye mwenye maswali mengi.

Kikombe ninachotaja ni cha mililita 250. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani 15, na vyote ni vya kusawazisha, si vya kilima.

Nianze lini ili siku yenyewe nisikimbizane na jiko?

Hesabu kurudi nyuma. Achari ya ndimu inataka wiki nne, ya embe siku kumi hivi. Visheti, vileja na biskuti pika siku tatu nne kabla. Ukivifungia vizuri havina neno. Keki na mkate wa mayai ni kazi ya mkesha. Nyama ya kuoka iingie kwenye viungo jioni hiyo hiyo, na ngano ya boko boko (uji mzito wa ngano na nyama) iingie majini kabla hujalala. Asubuhi inabaki kazi ya moto, na mtu wa kuuangalia wakati wengine wamekwenda kusali.

Halafu kumbuka kwamba Idi inahama. Kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi. Mwaka 2025 Idi ndogo iliangukia mwisho wa Machi. Kufikia 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, kaskazi imepamba moto, jua kali na maembe bado yapo sokoni. Hiyo ni neema kwa wapika achari. Idi kubwa nayo kwa miaka hii iko Mei na Juni, pwani mvua zinanyesha, kwa hiyo achari yake ianikwe kabla masika hayajaingia, au utabaki kuingiza na kutoa ungo kutwa nzima.

Achari ya ndimu: chumvi kiasi gani, na kwa nini yangu ilibaki chungu?

Kwa kilo 1 ya ndimu weka chumvi gramu 150 hadi 200. Najua inaonekana nyingi. Ukipunguza kwa kuhofia chumvi, unaondoa kitu kinachoilinda achari kabla ndimu hazijatoa maji yake.

Osha ndimu, zikaushe kabisa kwa kitambaa, zikate msalaba bila kuzitenganisha chini. Jaza chumvi na manjano kidogo ndani, zipange kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kamulia juu ndimu nyingine tatu nne. Weka juani mchana, rudisha ndani jioni, na kila siku igeuze chupa. Wiki ya kwanza ganda bado ni la kijani na gumu. Wiki ya tatu linageuka rangi ya kahawia, na ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Hapo ndipo utie pilipili ya unga, na haradali ukipenda.

Uchungu unatoka kwenye ganda bichi na kwenye mbegu. Toa mbegu unapokata, chagua ndimu za ganda jembamba zilizoanza kuwa njano, kisha usifungue mapema. Achari ya ndimu inayoliwa wiki ya pili ni chungu kwa kila mtu, hata kwa fundi.

Nipe ya embe, ile ya Mombasa yenye utamu kwa mbali.

Maembe mabichi magumu, kilo 1 ikishakatwa vipande vyembamba na maganda yake. Tia chumvi vijiko vya mezani 3 na manjano kijiko cha chai 1, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, tandaza kwenye sinia, anika siku mbili hadi kingo zijikunje lakini katikati bado kuna unyevu kidogo. Embe lililokauka sana halinywi viungo.

Sasa pasha mafuta mililita 150, tia haradali kijiko cha mezani 1 mpaka ianze kurukaruka, kisha uwatu kijiko cha chai 1. Uwatu usizidishe na usiuunguze, utatia uchungu sufuria nzima. Fuatisha kitunguu thomu (saumu) kilichopondwa gramu 50, tangawizi gramu 30, bizari nzima kijiko cha mezani 1. Vikitoa harufu epua, ndipo utie pilipili ya unga vijiko vya mezani 2, maana pilipili ikikutana na mafuta ya moto mkali inaungua na kupoteza wekundu. Rudisha motoni na siki mililita 200 na sukari gramu 150, chemsha dakika tano, tia maembe, dakika tano nyingine, pakia ingali ya moto. Kaa nayo siku saba hadi kumi kabla ya kuonja.

Sufuria ya alumini usiitumie kwa kazi hii. Siki na chumvi vinaila na achari inachukua ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka.

Naishi Nairobi, Juni mpaka Agosti jua hakuna. Nifanyeje?

Embe likaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70, mlango umeachwa wazi kidogo, saa nne hadi sita. Ndimu hazihitaji jua lenyewe, zinahitaji joto. Weka chupa kabatini karibu na jiko na uipe wiki sita badala ya nne.

Juu kumetanda kitu cheupe. Nitupe?

Angalia vizuri kabla ya kuamua. Utando mweupe mwembamba, bapa, usio na nywele, juu ya maji ya chumvi, kwa kawaida ni hamira ya hewani tu. Uengue, futa shingo ya chupa, hakikisha ndimu zimezama. Kikiwa na manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au pinki, tupa chupa yote. Usikwangue juu ukala chini. Mizizi ya ukungu hushuka mahali macho hayafiki. Najua inauma, hasa kilo tatu za embe, lakini tupa.

Mara nyingi chanzo ni kijiko chenye maji, au vipande kuelea juu. Weka kijiko kikavu cha achari peke yake na watoto wajue hicho si cha wali.

Naweza kutumia siki ya mnazi niliyotengeneza nyumbani?

Kwa kachumbari na kwa kuroweka nyama, tumia bila wasiwasi, na ladha yake inaishinda ya dukani. Kwa achari ya kukaa kabatini miezi, hapana. Siki ya tembo la mnazi haina ukali mmoja, leo kali na kesho laini, na kinachozuia vijidudu hatari ni ukali huo. Chukua siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5.

Na kitunguu thomu kilichotiwa kwenye mafuta matupu?

Hili nalijibu kwa ukali. Thomu mbichi ndani ya mafuta bila siki wala ndimu, chupa ikakaa mezani, ni mahali pazuri pa kukua kijidudu cha botulizimu. Hakina harufu, hakibadilishi rangi, na sumu yake inaua. Ukitaka thomu ya mafuta tengeneza kidogo, weka kwenye friji, iishe ndani ya siku nne. Kwenye achari ya embe hapo juu siki na ukali wa embe ndivyo vinavyokulinda, ndiyo maana nakuomba usipunguze siki hata kama huipendi. Ongeza sukari.

Chupa nizichemshe muda gani?

Pwani, dakika kumi zikiwa zimezama kwenye maji yanayotokota. Ukipanda juu, ongeza dakika moja kwa kila mita 300 baada ya mita 300 za kwanza. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari, kwa hiyo dakika kumi na tano. Kama kifuniko ni cha bati, tandika kipande cha nailoni safi katikati, la sivyo chumvi italeta kutu.

Kwa nini nyama yangu haiivi? Mombasa saa mbili inalainika, Nairobi saa tatu bado.

Si nyama ya Nairobi mbaya, ni maji. Katika mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata uchochee mpaka mfuniko uruke, sufuria ya kawaida haipandi zaidi ya hapo, unapoteza gesi tu. Ongeza muda zaidi, au tumia presha kuka.

Kosa la pili ni lile la kuchemsha kwa fujo. Nyama ngumu imejaa kano, zile nyuzi nyeupe. Zikikaa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 na zaidi zinayeyuka polepole, na ndizo zinazofanya mchuzi ugande ukipoa. Moto mkali hauziyeyushi kwa kasi unayoitarajia, ila unaikamua minofu maji yake. Ndiyo unapata nyama iliyochambuka na bado kavu mdomoni. Mchuzi utoe kiputo kimoja kimoja, basi.

Buchani niombe sehemu gani?

Muundi, kidari, shingo, mkia. Kwa mbuzi, bega na shingo. Ukitaja biriani wengi watakukatia steki laini na kukutoza bei yake, na baada ya saa mbili motoni steki imekuwa nyuzi. Nyama ya bei nafuu ndiyo ya moto wa taratibu. Omba na mfupa, na mwambie asikate vipande vidogo. Vya ukubwa wa ngumi ya mtoto havisambaratiki.

Papai bichi: kiasi gani na kwa muda gani?

Kijiko cha mezani 1 cha papai bichi lililokunwa na ganda lake kwa kilo 1 ya nyama, saa moja, saa mbili kwa nyama ya ng'ombe mzee. Usilaze usiku. Papai linakula nyama kuanzia nje. Ukilizidisha juu kunakuwa rojo na ndani kumebaki kugumu. Kama ni lazima ulaze, laza kwenye mtindi (maziwa lala kwa wa Kenya), thomu, tangawizi na ndimu, kisha papai litie asubuhi.

Boko boko langu huwa linaungua chini na juu ni maji. Niambie hatua kwa hatua.

Hiki ndicho chakula ambacho subira yake haina njia ya mkato, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote vya sikukuu. Kimekuja kwetu kutoka Uarabuni, wenyewe wanakiita harisi, na mwaka 2023 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa tamaduni kwa niaba ya Oman, Falme za Kiarabu na Saudia. Lamu, Mombasa na Unguja hatukungoja orodha.

Ngano iliyokobolewa gramu 500, iroweke usiku. Nyama ya mbuzi au ya ng'ombe yenye mfupa kilo 1, au kuku mzima wa kienyeji. Tia nyama katika sufuria nzito na maji lita 3, kijiti cha mdalasini, iliki sita, tangawizi, chumvi. Engua povu. Nyama ikifika nusu kuiva, tia ngano iliyochujwa, punguza moto, funika.

Saa ya kwanza na ya pili koroga mara moja moja. Hatari inaanza ngano inapopasuka, maana wanga unashuka chini na kushika. Kuanzia hapo usiondoke. Kwa mkaa, toa makaa ubakishe machache. Kwa gesi, weka bati au kikaango cha zamani chini ya sufuria kutawanya moto. Likikaza ongeza maji yanayochemka, kamwe si ya baridi. Baada ya saa tatu hadi nne mifupa inachomoka yenyewe. Itoe yote, pekua na vile vidogo vya shingo, kisha uanze kupiga kwa mwiko wa mti, ukisukuma ngano kwenye ubavu wa sufuria na kuivuta.

Dakika kumi za mwanzo utaona punje na nyama mbali mbali. Endelea. Ghafla rangi inakuwa moja, nyuzi za nyama zinapotelea ndani, na ukiinua mwiko boko boko linavutika, linakatika polepole na kurudi sufuriani bila kuacha shimo. Hapo limekuwa. Mimina kwenye sahani, bonyeza katikati kwa mgongo wa upawa, jaza samli iliyokaangiwa vitunguu. Wengine hula na sukari, wengine na mchuzi. Ugomvi huo siuingilii.

Likishaungua chini usikwangue. Hamishia lililo juu kwenye sufuria nyingine mara moja, na harufu haitafuata.

Nyama ya udhiya (mnyama wa kuchinja Idi kubwa) imechinjwa asubuhi, mchana imekuwa ngumu kuliko ya bucha. Kwa nini?

Mnyama akichinjwa misuli yake hukaza kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena. Ukiipika katikati ya kukaza, ngumu ndiyo utakayopata. Wazee walikuwa na utaratibu wao: asubuhi ni maini, mchana supu ya mifupa na matumbo, na minofu ingoje kesho. Ifuateni. Ya biriani ilaze kwenye friji usiku mmoja, mbili ikiwezekana, imefunikwa kwa kitambaa na si kwa mfuko wa plastiki uliofungwa.

Shuwa ya Oman bila shimo inawezekana?

Kwa asili nyama hupakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, ikatiwa kwenye kifurushi cha ukili na kuzikwa kwenye shimo la makaa siku nzima au mbili. Jamaa zetu wengi wa Muscat wenye asili ya Unguja wanakumbuka harufu hiyo kila Idi. Nyumbani utapata kitu cha karibu, si chenyewe.

Bega la mbuzi kilo 2. Saga thomu, bizari nzima, gilgilani, pilipili manga, karafuu sita, iliki, mdalasini, pilipili kavu, siki mililita 60 na mafuta kidogo. Toboa nyama kwa kisu, paka mpaka ndani, laza siku moja, mbili ni bora. Pitisha majani ya mgomba juu ya moto yalainike, funga nyama tabaka mbili, kisha karatasi ya alumini. Oveni nyuzi 150, saa tano hadi sita. Usifungue kuchungulia. Moshi ndio utakaokosa. Weka kaa jekundu kwenye kibakuli kidogo juu ya nyama, dondoshea samli, funika dakika tano.

Kutumia presha kuka si udanganyifu?

Hapana. Ndani yake joto linafika nyuzi 120 hivi, kano zinayeyuka dakika 40 badala ya saa tatu. Kwa kongoro na muundi naipendekeza kabisa. Kwa biriani chukua tahadhari: ikizidi muda wake kwa dakika tano tu, nyama inakuwa uji. Na mchuzi unatoka mwepesi kwa sababu hakuna kilichokauka, hivyo fungua na uukaushe wazi dakika kumi na tano.

Biriani ililala sufuriani mpaka asubuhi. Nikipasha haitakuwa na shida?

Itakuwa nayo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na pwani joto likipita nyuzi 32, saa moja. Kuna vijidudu vya wali na vya nyama ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupasha, na vingine vimeshaacha sumu. Wageni wakinyanyuka, gawa kwenye sinia za kina kifupi kipoe upesi, kisha friji. Sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa vuguvugu saa nyingi hata ukiisukuma ndani ya friji.

Vileja vyangu vinameguka. Nimefuata kila kitu.

Pengine hukufuata samli. Vileja ni unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari ya unga gramu 250, mayai 2, iliki kijiko cha chai 1, beking pauda kijiko cha chai 1. Anayetumia majarini badala ya samli anaingiza maji, kwani majarini yanaweza kuwa na maji hadi asilimia 20 na samli haina. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kinachoushika ni mafuta na yai tu.

Piga samli iliyoganda (si iliyoyeyuka) na sukari mpaka iwe nyeupe. Tia yai moja moja, kisha unga kidogo kidogo. Funika nusu saa, mchele unywe. Sasa viringisha donge dogo kiganjani na ulibonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukingo ukipasuka nyufa nyembamba, uko sawa. Ukimeguka na kudondoka, ongeza samli kijiko kimoja. Ukibonyea bila ufa hata mmoja, umelegea mno na utatandazika kwenye trei.

Oveni nyuzi 170, dakika 18 hadi 20. Vitoke vyeupe, chini tu pameguswa rangi. Usiviinue vya moto! Viache kwenye trei vipoe kabisa, ndipo vinaposhikana. Nusu ya malalamiko ya kumeguka ni ya watu waliokosa dakika hizo.

Sina oveni. Mkate wa mayai nitaupikaje?

Kwa makaa, kama ulivyopikwa miaka yote. Mayai 6 ambayo hayakutoka kwenye friji sasa hivi, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 170, iliki. Hakuna beking pauda. Kinachouinua ni hewa. Piga mayai na sukari mpaka mchapo ukiinuliwa mchirizi ubaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Kwa mashine ni dakika kumi, kwa mkono andaa vijana wawili wa kupokezana. Unga uchekeche juu na uchanganye kwa mwiko, ukikunja toka chini, usipige tena.

Sufuria ipakwe samli na kupashwa. Makaa juu ya mfuniko yawe mengi, chini machache sana, theluthi moja hivi. Zabibu zitie juu baada ya dakika ishirini, mkate ukishashika, au zitazama zote. Dakika ishirini za mwanzo mfuniko usiguswe. Ukizama katikati, mara tisa kati ya kumi umefunuliwa mapema au mayai hayakupigwa ya kutosha.

Shira ya visheti haigandi, ya kaimati inaganda. Nimepinduliwa?

Hapana, umeweka ndimu pasipo pake. Ndimu huivunja sukari ikawa sukari nyingine zisizopenda kuganda. Kaimati tunazitaka zing'ae, kwa hiyo shira yake itiwe matone ya ndimu na isikorogwe ikishachemka. Visheti tunavitaka vyeupe na vikavu: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, bila ndimu, chemsha mpaka tone kati ya vidole viwili livute uzi imara. Epua, mimina visheti vilivyopoa, na hapo sasa geuza bila kusimama. Kugeuza ndiko kunakoita kuganda.

Keki inafura na kuporomoka tangu nihamie Arusha.

Ni mwinuko tena. Punguza beking pauda kwa robo, punguza sukari kijiko cha mezani 1 kwa kila kikombe, ongeza maziwa vijiko 2, na pandisha oveni nyuzi 10.

Biskuti zinalainika siku ya pili.

Unyevu wa bahari. Zifunge zikiwa zimepoa kabisa, kwenye bati la kufunga vizuri, na kifuko cha mchele mkavu chini. Zilizolainika zirudishe oveni ya nyuzi 150 dakika tano. Usichanganye na keki kwenye bati moja, keki itazigawia maji yake.

Mimi napikia Krismasi. Kuna langu hapa?

Lipo, na jirani zetu wa Krismasi ndio waliotufundisha wengi keki ya matunda. Zabibu na matunda makavu kilo 1, roweka siku tatu kwenye juisi ya chungwa au chai nzito ndani ya friji. Bati la sentimita 23 lipigwe karatasi tabaka mbili, nyuzi 150, saa mbili na nusu hadi tatu. Funga baada ya kupoa kabisa. Iliyorowekwa juisi haidumu miezi kama ile ya pombe, kwa hiyo ioke wiki moja kabla na uiweke mahali pa baridi. Mbuzi wa kuoka hapo juu hana dini.

Mtu akinipa mapishi, kwa nini hayatoki kama yake?

Kwa sababu amekupa orodha, hakukupa jiko lake. Kabla hujaaga muulize kikombe chake ni kipi (wengi hutumia cha chai, mililita 180 au 200), samli au majarini, mayai makubwa au ya kienyeji, sufuria ya kipenyo gani, na anajuaje kimeiva. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo lenye mapishi yenyewe. Akikwambia "kiasi", msimamie siku anapika na mizani mkononi: pima unga wake kabla hajachota na baada ya kuchota, tofauti ndiyo "kiasi" chake. Atakucheka, lakini utaondoka na namba.

Daftari za bibi zenye ratili na wakia zisikutishe. Ratili ni gramu 450 hivi, wakia ni 28.

Naweza kumpelekea dada yangu Uingereza?

Nyama na vitu vya maziwa, samli ikiwemo, kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Uingereza wala Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, hata kama umevikausha. Visheti vilivyokandwa kwa mafuta ya mimea vinasafiri vizuri. Achari iende kwenye sanduku la chini, maana kwenye begi la mkononi chupa inayozidi mililita 100 itabaki uwanjani. Jaza chupa iache nafasi ya kidole, kaza kifuniko, zungusha nailoni ya jikoni, tia mifuko miwili, kisha izungushie kanga. Kanga ataitaka hata hivyo.